Nani Alialikwa? Harusi na Vita Vikuu katika Katuni za Televisheni

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mlioziacha shughuli zenu za Jumamosi, nanyi vijana mnaojifunza kuchora katuni, nawashukuru kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie uandishi wa katuni za televisheni zinazotazamwa na familia nzima, nikaachiwa nichague upande wowote wa kazi hiyo. Nimechagua mambo mawili ambayo mtazamaji huyakumbuka hata baada ya kuyasahau mengine yote, yaani harusi na vita vikuu. Nitaeleza kwa nini mambo hayo huja yakifuatana, na kwa nini naona kwamba kati yake, harusi ndiyo tunayoipunja.

Mama yangu hatazami katuni. Huzipitia tu akielekea jikoni. Siku moja aliwakuta wajukuu zake wakitazama Dragon Ball Z, akasimama na sahani mkononi, akamwona shujaa wake, Goku, akiwa na mtoto, akauliza: "Huyu naye ameoa? Lini? Nani alialikwa?" Wajukuu hawakujua. Walijua majina ya mapigo yote na mpangilio wa maadui wote, lakini habari ya harusi hawakuwa nayo, na hawakuona kwamba wamepungukiwa na kitu.

Jibu lipo, na ni la kuchekesha. Walipokuwa watoto, Chi-Chi, ambaye ndiye mke huyo, alizungumza na Goku habari ya kuoana, naye Goku akakubali kwa sababu alidhani ndoa ni kitu cha kula. Miaka ikapita, na Chi-Chi akaja kuidai ahadi yake mahali ambapo mshenga yeyote mwenye akili asingekanyaga, yaani ulingoni, katikati ya mashindano makubwa ya ngumi, akapigana naye bila kujitambulisha. Aliposhindwa ndipo akamtajia jina lake, na Goku, ambaye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi hata ile asiyoielewa, akamposa palepale mbele ya watazamaji. Huko Japani mfululizo wa kwanza, Dragon Ball, ulifungwa kwa harusi hiyo Jumatano ya tarehe 19 Aprili 1989, baada ya vipindi 153. Jumatano iliyofuata, tarehe 26, mfululizo wa pili, Dragon Ball Z, ukaanza: miaka mitano imepita, mtoto yupo, na adui ameshuka kutoka angani. Wanangu waliuanza huo wa pili, kwa hiyo kwao Goku alikuwa na mke kama mtu alivyo na pua.

Juma moja tu lilitenganisha harusi ile na vita vile, na nasadiki kwamba jambo hilo lina sababu katika ufundi wenyewe. Mfululizo ukienda miaka mingi hujikusanyia wahusika kama nyumba ya zamani inavyojikusanyia vyombo. Kuna mwalimu wa zamani, kuna jirani mchekeshaji, kuna adui aliyetubu, kuna binti wa kijiji cha mbali aliyeonekana mara mbili akapotea. Mwandishi akitaka kuwaona wote mahali pamoja kwa mara moja, bila mtazamaji kuuliza wamefikaje, hana sababu nyingi za kuwaita. Anaweza kuwaita vitani au anaweza kuwaita harusini. Msiba ungekuwa sababu ya tatu, na kwa hakika ndio unaokusanya watu wengi zaidi katika maisha yetu, lakini televisheni ya watoto huuogopa.

Mwito huo una gharama, na hapa nawaomba vijana mnisikilize kwa makini, kwa kuwa gharama hiyo italala mezani kwenu. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na wachoraji wa televisheni, ili kupunguza kazi, kwa kawaida huupa mchoro mmoja picha mbili au tatu. Basi mhusika mmoja anayetembea kwa sekunde moja anahitaji michoro kama 12, na wahusika kumi wanaotembea kila mmoja kwa mwendo wake wanahitaji michoro kama 120. Kwa sababu hiyo katuni nyingi za televisheni huishi kwa watu wawili au watatu wanaozungumza sebuleni, na umati unapotokea, huwa umesimama kama picha ya ukutani.

Wengi hudhani kwamba pigano kubwa ndilo kilele cha ugumu. Sivyo, au tuseme si hivyo kila mara. Pigano lina maficho mengi. Kuna moshi, vumbi, mwanga mkali unaofuta kila kitu kwa nusu sekunde, na mistari ya kasi inayochukua nafasi ya mandhari. Jeshi la adui huvaa sare moja na kofia zinazofunika uso, kwa hiyo askari mmoja aliyechorwa vizuri huweza kurudufiwa mara mia. Mhusika anaporushwa ukutani hana haja ya sura, na anayekimbia hana haja ya kuwa na neno la kusema.

Harusi haina moshi. Watu wamekaa, jua linawaka au taa zinawaka, na kila uso unaonekana. Aliyevaa fulana moja kwa vipindi 80 sasa lazima avae nguo mpya, na nguo mpya maana yake ni kuchorwa upya kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka ubavuni, au, kwa katuni zinazotengenezwa kwa vikaragosi vya kompyuta, kujengewa kikaragosi kipya ambacho huenda kisitumike tena. Bibi harusi ana shela, na shela husogea kila anaposogea. Tena wageni hawawezi kufanana. Yule binti wa kijiji cha mbali akikaa safu ya pili bila kuonyesha lolote usoni, mtazamaji aliyemkumbuka atajua kwamba hamkumkumbuka ninyi.

Mfano bora ninaoujua wa jambo hili la gharama ni msimu wa nne wa The Legend of Korra, uliotolewa nchini Marekani mwaka 2014. Kazi kubwa ya kuuchora ilifanyika Seoul, Korea Kusini, katika Studio Mir. Walipokuwa kazini, kituo kilichowaagiza kilipunguza bajeti yao kwa kiasi kinachokaribia gharama ya kipindi kizima. Mmoja wa waasisi wa mfululizo, Bryan Konietzko, alieleza hadharani kwamba walikuwa na njia mbili, ama kuachisha kazi watu wao wengi kabla ya wakati, ama kutengeneza kipindi kimoja kwa kuunganisha vipande vya vipindi vya zamani. Wakachagua njia ya pili. Ndiyo maana katikati ya msimu huo kuna kipindi ambacho wahusika wamekaa tu wakikumbushana mambo yaliyopita. Watazamaji wengine walikiona ni uvivu, ingawa kwa kweli kilikuwa mishahara ya watu.

Juma chache baadaye ndipo likaja pigano la kufunga msimu, na limepangwa kwa werevu wa fundi aliyehesabu fedha zake. Adui hakutegemea majeshi elfu ya kuchorwa mmoja mmoja. Alitegemea mashine moja kubwa yenye umbo la mtu, ndefu kama jengo la ghorofa nyingi, inayotembea katikati ya jiji. Mji ulikuwa umehamishwa watu, kwa hiyo barabara zilikuwa tupu, na mashujaa waliizunguka mashine ile kama nyuki. Katika pigano hilohilo, mvumbuzi aitwaye Varrick, mtu mwenye majivuno ambaye kwa misimu mitatu alikuwa akimwamrisha msaidizi wake Zhu Li "afanye kile kitu" bila kukitaja, anamposa Zhu Li wakiwa wamebanana ndani ya chombo cha vita, kwa maneno yaleyale ya kile kitu, ila sasa anamwomba wakifanye pamoja maisha yao yote.

Nimeitazama posa hiyo mara nyingi, na kila mara natambua kwamba ndiyo inayonifanya nijali kama mashine ile itaanguka. Mwandishi angeweza kuiweka baada ya ushindi, kwa utulivu, lakini kuiweka pale kumelipa pigano zima kitu cha kupoteza. Harusi inafuata katika kipindi cha mwisho, ikisimamiwa na rafiki yao Bolin, nayo ni fupi. Ni fupi, lakini haikupunjwa, kwa sababu msaidizi ambaye hakuwahi kuulizwa maoni yake amesimama mbele za watu naye anaulizwa. Wala haijifanyi kwamba mji haukubomoka.

Kwa Naruto, mfululizo wa Japani wa kijana ninja, mizani ilielemea upande mwingine. Sehemu ya pili ya mfululizo huo ina vipindi 500, na vita vyake vikuu vilichukua takriban miaka minne ya televisheni, vikikatizwa na masimulizi ya pembeni ambayo watazamaji walikuwa wakiyalalamikia kila juma. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza vita vilipoanza alivimaliza akiwa darasa la tano. Hinata, msichana aliyekuwa akizimia kwa haya kila Naruto alipomsogelea, alimtamkia mapenzi yake akiwa amesimama kati yake na adui aliyemzidi nguvu kwa mbali. Kwa hiyo hapa pia uchumba ulizaliwa katika pigano. Harusi yao ndiyo iliyofunga mfululizo mwezi Machi 2017, nayo ilipewa vipindi saba, lakini vingi ni vya rafiki zao wanaohangaika kutafuta zawadi, na sherehe yenyewe inapata dakika chache tu mwishoni.

Zamani niliona kwamba huo ni udanganyifu, kumwita mtu harusini kisha kumfungia mlango. Sasa sioni hivyo kabisa, kwa sababu ya jambo moja katika kipindi kile cha mwisho. Naruto hana wazazi. Walikufa siku aliyozaliwa. Anamwendea Iruka, mwalimu wake wa utotoni, na kumwomba akae kwenye nafasi ya baba yake siku ya harusi. Hapana ngumi wala mlipuko, ni watu wawili wamesimama wanazungumza, nao wachoraji hawakuhitaji zaidi ya nyuso mbili. Vipindi vyote vilivyotangulia, kuanzia mwaka 2002 Naruto alipokuwa mtoto mtukutu anayepaka rangi sanamu za viongozi, vinapata uzito pale. Waandishi walikuwa na swali la mama yangu midomoni mwao: nani anaitwa, na akifika anakaa wapi?

Swali hilo ni letu. Sote hapa tumewahi kukaa katika kamati ya harusi, na tunajua kwamba ugomvi mkubwa hautokani na pilau wala na muziki. Unatokana na orodha ya majina. Kuna mjomba ambaye asipopewa kiti cha mbele hatakanyaga nyumba hiyo tena, na kuna shangazi ambaye akialikwa, mwingine hatakuja. Ninaposema kwamba harusi ni uwanja wa pigano, sitii chumvi. Hata masimulizi yetu ya kale yalilijua jambo hili. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Kenya ambaye silaha hazikumwingia, hakuuawa na jeshi. Aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na moja ya hongo alizoahidiwa kijana yule ni kuozwa binti wa mfalme. Mfalme alishindwa kwa mikuki, akatumia ahadi ya harusi.

Nitagusa kwa ufupi mfululizo wa Marekani uitwao Steven Universe, ulioasisiwa na Rebecca Sugar, kwa kuwa ni nadra kuona harusi na pigano vikiwekwa katika kipindi kimoja, ufukwe mmoja, saa moja. Ni kipindi cha Julai 2018. Ruby na Sapphire, viumbe wa kike waliotokana na vito na ambao wakiungana huwa shujaa mmoja aitwaye Garnet, wanaoana mbele ya watu wa mji wao, na sherehe ikiwa imenoga, watawala wa ulimwengu walioukimbia wanawasili kutoka angani na vita vinaanza. Shujaa huyo anaingia vitani akiwa na mavazi ya harusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilikuwa imeupiga marufuku mfululizo huo pamoja na mingine mitano, ukiwemo wa Korra, kwa madai kwamba inaeneza mapenzi ya jinsia moja kwa watoto. Leo sikuitwa kuamua kati ya bodi na watunzi. Nasema tu, kama mtu wa fani, kwamba mifululizo mitatu katika ile sita imejaa mapigano, na mapigano hayo hayakuwa hoja. Nani anampenda nani, na nani anaruhusiwa kusimama mbele za watu na kulitangaza, ndilo lililowagusa wakubwa.

Mfululizo ambao ningependa mwende mkautazame kwa kalamu mkononi ni The Lion Guard wa Disney, uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo kati ya mwaka 2016 na 2019. Unatuhusu kwa njia isiyo ya kawaida, maana majina yake mengi ni ya Kiswahili. Mamba mwenye makuu anaitwa Makuu, mamba mwasi anaitwa Kiburi, swila mchokozi anaitwa Ushari, na fisi mwema anaitwa Jasiri. Mtoto wa Marekani huyasikia majina hayo kama sauti nzuri za kigeni, akasubiri vitendo ili amjue mwenye jina. Mwanangu alipomsikia Kiburi akitajwa kwa mara ya kwanza alicheka, akasema huyo mwisho wake mbaya. Sijui kama waandishi walifikiria kwamba kuna nyumba ambako siri yao ingevuja namna hiyo.

Ninachokisifu zaidi ni mpangilio wa msimu wa tatu. Pigano kuu dhidi ya Scar, simba mwovu ambaye amerudi kama roho ndani ya moto wa volkeno, limewekwa mwanzoni kabisa, Agosti 2019. Wema wanashinda, lakini hawatoki salama. Kion, mwana wa mfalme aitwaye Simba na kiongozi wa kikosi cha walinzi, ameumwa na Ushari karibu na jicho, na sumu ile inamfanya awe mwepesi wa hasira na kushindwa kuutawala mngurumo wake. Ono, yule ndege ambaye sifa yake yote ilikuwa macho makali, moshi umeyaharibu macho yake. Basi karibu msimu mzima ni safari ya wagonjwa kwenda kwenye mti wa mbali wa tiba, na huko ndiko Kion anakokutana na simba jike aitwaye Rani. Harusi inakuja Novemba, katika kipindi cha mwisho, baada ya Kion kurudi nyumbani, kukuta walinzi wengine wanaoiweza kazi yake, na kuwaachia. Anaoa na kubaki ukweni, jambo ambalo wazee wangu wangelijadili kwa siku tatu.

Watunzi wa katuni hiyo, ya watoto wa shule ya awali, walielewa kwamba kati ya vita na harusi panahitajika muda wa kupona. Katuni nyingi za wakubwa zaidi huruka hapo: adui ameanguka Jumanne, Jumatano vigelegele.

Nina mfano mmoja zaidi, wa Australia, nao hauna vita hata chembe. Bluey ni katuni ya familia ya mbwa wa Brisbane, iliyoasisiwa na Joe Brumm mwaka 2018, na kwa kawaida kipindi chake huwa na dakika saba. Tarehe 14 Aprili 2024 walitoa kipindi cha dakika 28, mara nne ya kawaida, na wakakijenga juu ya harusi. Rad, kaka mkubwa wa baba wa familia hiyo, anamwoa Frisky, rafiki wa familia, na siku hiyohiyo nyumba yenyewe ina kibao cha kuuzwa, kwa kuwa baba amepata kazi katika mji mwingine. Bibi harusi anaondoka kabla ya ndoa kufungwa, kwa sababu mchumba wake amepanga wakaishi mbali bila kumsikiliza vya kutosha, na mama wa nyumba anaingia kwenye gari pamoja na watoto kumtafuta. Wakati wa mwisho, baba anakishika kile kibao na kukivuta kutoka ardhini kwa nguvu zake zote. Hilo ndilo pigano kuu, baba mmoja na nguzo moja, na nimeona wanaume wazima wakifuta machozi mbele yake.

Wakati wangu unakwisha, na mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili, kwa hiyo nitoe kazi ambayo mwalimu wenu ameniruhusu kuwaachia. Nataka dakika saba. Nataka mlango mmoja wa chumba cha bibi harusi. Nje yuko bwana harusi na wenzake watano, ndani wako mashangazi na somo wa bibi harusi, nao hawafungui mpaka watolewe ufungua mlango wao. Hairuhusiwi moshi, hairuhusiwi mwanga wa kufuta picha, na hairuhusiwi mtu kurushwa ukutani. Kila aliyeko nje awe na sababu yake ya kutaka mlango ufunguke, na mmoja wao awe na sababu ya kutaka usifunguke. Upande wa ndani sitaki kuwaona mashangazi mpaka dakika ya sita. Nataka niwajue kwa sauti zao, kwa bangili zao, na kwa vidole vyao chini ya mlango wanapozihesabu noti. Michoro ya awali iwe mezani Jumanne ijayo saa nne, na atakayeniletea mashangazi wote wenye sura moja ataanza upya.